Kupendwa na Nani? Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili na Wasomaji Wake

Katika istilahi za uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, yumkini ni utanzu mmoja tu uliopewa jina linalotokana na hisia ya msomaji. Riwaya ya kihistoria huitwa hivyo kwa sababu ya wakati inaousimulia, riwaya ya kisiasa kwa sababu ya mada yake, na riwaya ya kimajaribio kwa sababu ya umbo lake. Riwaya pendwa imepata jina lake kwa sababu kuna watu wanaoipenda. Ni ajabu, basi, kwamba jina hilo, ambalo kwa sura yake ni sifa, limetumika kwa miaka mingi kama lawama. Kitabu kikiitwa pendwa, mwanafunzi wa chuo kikuu huelewa mara moja kwamba hakitarajiwi kuonekana katika tasnifu yake, ila labda katika aya inayoeleza kwa nini kimeachwa.

Kisarufi, pendwa ni mnyambuliko wa kitenzi penda katika kauli ya kutendwa. Kauli hii ina tabia ambayo kila mwanafunzi wa sarufi anaifahamu: humwezesha msemaji kumtaja aliyetendwa na kumwacha mtendaji gizani. Mtu akisema kwamba tajiri fulani ameuawa, sentensi yake imekamilika, wala hakuna mwalimu wa lugha atakayeisahihisha. Mpelelezi ndiye asiyeridhika nayo, kwani kazi yake yote ni kuuliza maneno mawili yaliyoachwa: na nani? Wahakiki wameandika mengi kuhusu riwaya iliyopendwa, lakini ni nadra kuuliza ilipendwa na nani, na aliyeipenda alikuwa akifanya nini hasa alipokuwa akiisoma. Mhadhara huu unaifuata riwaya ya upelelezi ya Kiswahili kwa kulishika swali hilo, kuanzia kwa Muhammad Said Abdulla na mpelelezi wake Bwana Msa.

Jina la mpelelezi na sifa zake

Muhammad Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Baada ya masomo alifanya kazi katika idara ya afya, na mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa habari kama mhariri wa gazeti la Zanzibari. Mwaka 1958 alikwenda Tanganyika kuhariri Mkulima, jarida la kilimo, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Inafaa kukumbuka kwamba mtu aliyewapa Waswahili mpelelezi wao wa kwanza mashuhuri alikuwa, mchana, akihariri makala kuhusu mashamba. Uzoefu wa gazeti unaonekana katika nathari yake: aya zake zinajua kwamba msomaji anaweza kukiweka kitabu chini wakati wowote.

Tatizo la kwanza lililomkabili mwandishi huyo lilikuwa la msamiati, ingawa lilikuwa pia la jamii. Mpelelezi wa kujitegemea, raia asiyeajiriwa na serikali anayejipa kazi ya kuchunguza mauaji, hakuwa mtu ambaye msomaji wa Unguja aliwahi kupishana naye njiani. Neno mpelelezi lenyewe lilikuwapo, lakini halikuwa na harufu nzuri. Kupeleleza kulikuwa kuchungulia mambo ya watu, na mpelelezi alikuwa jasusi au mdukuzi. Katika Biblia ya Kiswahili ni kitenzi hicho kinachotumika kwa watu waliotumwa na Musa kuikagua nchi ya Kanaani kabla ya kuivamia. Kwa upande wa serikali kulikuwa na askari kanzu, yaani polisi asiyevaa sare, aliyeitwa hivyo kwa sababu alijificha ndani ya vazi la kila mtu. Naye hakuwa mtu wa kupendwa. Kwa mwandishi aliyeanza kazi katika miaka ya 1950, penye dola ya kikoloni na siasa iliyokuwa ikipamba moto visiwani, kumfanya mpelelezi awe shujaa halikuwa jambo jepesi.

Abdulla alilitatua tatizo hilo kwa njia ambayo wasomaji waliielewa kuliko baadhi ya wahakiki. Alichukua umbo kutoka Uingereza waziwazi, wala hakujaribu kulificha: Bwana Msa ana kiko chake kama Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, ana Najum kama Holmes alivyokuwa na Watson, na ana afisa wa polisi, Inspekta Seif, ambaye sheria iko mikononi mwake lakini jibu haliko. Kisha ndani ya umbo hilo akamweka mtu ambaye pwani ilimjua tangu zamani, yule mwenye busara ambaye watu humwendea jambo linapowatatiza, asiye na cheo wala mshahara kwa kazi hiyo, na ambaye husikiliza kwa muda mrefu kabla ya kufumbua. Visa vya Abunuwasi vilikuwa vimekwisha kumzoeza msikilizaji wa Kiswahili kumshangilia mtu ambaye silaha yake ni akili tu, hata mbele ya mfalme. Hivyo msomaji wa mwaka 1960 hakuhitaji kuelezwa mpelelezi wa kujitegemea ni nani. Alimwona Bwana, tena Bwana mwenye jina la kawaida lililofupishwa kama majirani wanavyolifupisha, naye akamkaribisha.

Wapo walioona katika kiko kile ushahidi wa wizi wa fasihi. Hoja hiyo haina uzito mkubwa kama inavyodhaniwa. Riwaya ya upelelezi, tangu hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1841 iliyotokea Paris ingawa mwandishi wake alikuwa Mmarekani, imekuwa utanzu wa kuazima. Conan Doyle mwenyewe aliazima kwa Poe. Swali lenye faida ni lile la kilichotokea kwa umbo hilo lilipoingia katika lugha nyingine na mbele ya wasomaji wengine.

Mzimu na mkono wa mtu

Baina ya hadithi za Holmes, iliyo karibu zaidi na Mzimu wa Watu wa Kale ni ile ya mbwa wa ukoo wa Baskerville, iliyotolewa mfululizo katika jarida la The Strand mwaka 1901 na 1902. Humo tajiri mwenye ardhi hufa, watu wa mahali pale wana hadithi ya kale ya mnyama wa kutisha anayeuandama ukoo ule, na mpelelezi huja kuonyesha kwamba nyuma ya mnyama kuna mtu anayeutaka urithi. Kwa Abdulla pia kuna tajiri aliyekufa, kuna mahali panapoogopwa, na kuna maelezo yaliyo tayari katika vinywa vya watu: mzimu umelipiza kisasi.

Hapo ndipo tofauti ya wasomaji inapoanza kuonekana. Kwa msomaji wa London wa mwaka 1901, mbwa wa kishetani alikuwa kitisho cha kuburudisha. Wachache mno kati ya walionunua jarida lile waliamini kweli kwamba mbwa wa aina hiyo angeweza kuwatokea. Kwa msomaji wa Unguja na Pemba, na kwa msomaji wa Tanganyika pia, mzimu ulikuwa jambo zito zaidi. Palikuwa na mahali pa kufukiza ubani, palikuwa na miiko ya kuingia, na palikuwa na watu waheshimiwa walioishi kwa kuiamini miiko hiyo. Alipokishika kitabu kile, msomaji huyo hakuwa na swali moja la kujibu. Alikuwa na mawili, na la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: kabla ya kuuliza ni nani aliyeua, ilimbidi aamue kama muuaji ni mtu.

Anwani ya kitabu inauchezea uamuzi huo kwa ujanja. Imemtaja mzimu kabla ya kumtaja mtu yeyote, na msomaji anayeanza ukurasa wa kwanza akiwa nusu ameamini ndiye msomaji ambaye mwandishi alimtaka. Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi ya mwaka 1968, inafanya vivyo hivyo, kwani Giningi ni jina ambalo katika masimulizi ya visiwani huhusishwa na makao ya wachawi na mizimu. Katika vitabu hivi viwili hofu inatangulia na hoja inafuata. Bwana Msa hamcheki mwenye hofu, na hili ni jambo la kuzingatia, kwa sababu mwandishi mwenye elimu ya shule za kikoloni angeweza kwa urahisi kumfanya mpelelezi wake awe mwalimu wa kuwakemea washirikina. Bwana Msa huiacha imani ya watu mahali pake, halafu akauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na kwa nini.

Athari yake kwa msomaji ilikuwa ya pekee. Aliyesoma mpaka mwisho alipata raha ya kujua, na pengine alipata pia mashaka kidogo juu ya mambo mengine aliyokuwa ameyakubali bila kuuliza. Aliyekataa kushawishika naye hakupoteza kitu, kwa sababu kuthibitisha kwamba mtu huyu mmoja aliuawa na binadamu hakuthibitishi kwamba mizimu haipo. Abdulla aliuacha mlango huo wazi. Wahakiki waliomsifu kwa kupiga vita ushirikina wamemsifu kwa vita ambayo huenda hakuipigana kwa nguvu kiasi hicho.

Sarufi inayoficha

Kila mwandishi wa riwaya ya upelelezi ana kazi mbili zinazopingana. Sharti amwonyeshe msomaji ushahidi wote, la sivyo atalaumiwa kwa udanganyifu. Na sharti auonyeshe kwa namna ambayo msomaji atautazama bila kuuona. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, aliandika amri kumi za utanzu huo, na nyingi kati yake zinahusu haki ya msomaji. Lakini uwezo wa kuficha kwa haki hautegemei mwandishi peke yake. Unategemea pia lugha anayoiandikia, na katika jambo hili Kiswahili kimejaliwa.

Kipatanishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakina jinsia. Msimulizi anaweza kusema kwamba mtu aliingia chumbani, akafungua sanduku, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapotelea gizani. Vitenzi vyote hivyo havisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kuficha jinsia ya mhalifu wake hulazimika kurudia neno mtu kila mara, au kuyapinda maneno mpaka msomaji mzoefu ashtuke na kuanza kuwashuku wanawake wote. Kwa Kiswahili ukimya huo hauonekani, kwa kuwa ndio usemi wa kawaida. Ndivyo ilivyo kwa majina muuaji, mgeni, jirani na mtoto. Nusu ya washukiwa hubaki mezani bila mwandishi kufanya lolote la kutiliwa shaka.

Istilahi za ujamaa zina utajiri mkubwa zaidi. Baba katika Kiswahili ni aliyezaa, ni ndugu yake, ni mzee wa rika lake, na ni yeyote anayestahili heshima hiyo. Mama vilevile. Ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, mtoto wa ami, au mtu wa kijiji kimoja tu. Kijana akimwamkia bwana fulani kwa kumwita baba, msomaji hupita bila kusimama, kwani ndivyo kijana mwenye adabu anavyopaswa kusema. Na ikiwa baada ya kurasa mia moja itabainika kwamba neno lile lilikuwa kweli tupu, yaani kwamba aliyeitwa baba kwa adabu alikuwa baba kwa damu, basi msomaji ameambiwa ukweli tangu mwanzo na adabu yake mwenyewe ndiyo iliyomzuia kuusikia. Nasaba zilizofichwa, watoto ambao asili yao haisemwi, na ndoa zilizofungwa au kuvunjwa kwa siri ni malighafi ambayo Abdulla aliirudia kitabu baada ya kitabu. Hakuichagua kwa bahati tu. Katika jamii ambamo urithi, heshima na ndoa viliamuliwa kwa kuulizana fulani ni mtoto wa nani, hapakuwa na siri yenye thamani zaidi ya hiyo, na hapakuwa na lugha iliyoweza kuihifadhi vizuri zaidi.

Kuna pia mambo madogo ambayo msomaji mzawa huyasikia bila kufundishwa. Jina maiti huweza kupatanishwa kama kitu au kama mtu: maiti imeokotwa, maiti ameokotwa. Wanasarufi hujadili lipi ni sanifu. Masikioni mwa msomaji wa hadithi ya mauaji, chaguo hilo linaeleza umbali uliopo baina ya msemaji na aliyekufa, na mhusika anayesema kuhusu maiti kama kitu wakati wenzake wote wanasema kama mtu amejifunua kidogo. Haidaiwi hapa kwamba kila mwandishi aliupanga ujanja huo kwa makusudi. Inatosha kwamba lugha iliuweka mkononi mwake na kwamba wasomaji wake walikuwa na masikio ya kuupokea.

Masikio hayo yalinolewa na nini? Yalinolewa na vitendawili, mafumbo na methali, na zaidi na kanuni ya mchezo wenyewe. Mtegaji husema kitendawili, wenzake humjibu tega, naye hutega. Wakishindwa, humpa mji, naye hukaa katika mji huo kwa raha zake kabla ya kuwafunulia jibu. Mtu aliyelelewa katika mchezo huo anafahamu kwamba fumbo ni mashindano ya haki, kwamba jibu limo ndani ya maneno yaliyosemwa, na kwamba kushindwa si aibu mradi jibu likitolewa lionekane lilikuwa dhahiri. Sura ya mwisho ya riwaya ya Bwana Msa, ambapo wahusika hukaa kumsikiliza akifumbua, inafuata utaratibu ule ule. Msomaji ametoa mji. Anachodai ni kwamba jibu listahili.

Ndiyo maana wasomaji wa vitabu hivi wana adabu moja wanayoishika kwa ukali kuliko sheria za maktaba: aliyemaliza hamwambii anayesoma ni nani aliyeua. Kitabu hupita mkono hadi mkono, hukunjwa, hupoteza jalada, na siri hubaki ndani yake. Uhakiki hauna adabu hiyo. Mhakiki hufichua mwisho katika aya ya pili, kisha hulalamika kwamba kitabu hakina kina. Kwa heshima ya wasomaji, wauaji wa riwaya zinazotajwa katika mhadhara huu hawatatajwa.

Hukumu ya wasomi

Bwana Msa alifika chuoni wakati usiofaa. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na kizazi cha wahakiki kilichokuzwa katika miaka hiyo kiliitaka fasihi iseme juu ya matabaka, unyonyaji na ujenzi wa jamii mpya. Kwa kipimo hicho Abdulla alikuwa na mengi ya kujibu. Mzimu wa Watu wa Kale uliandikwa kabla ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, lakini riwaya zilizofuata ziliandikwa baada yake, na bado Unguja yake ni ile ya mabwana wenye mashamba, watumishi na mazungumzo ya barazani, kama kwamba saa imesimama. Adam Shafi alipoitoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, msomaji aliweza kuviweka vitabu viwili kando kwa kando na kuona ni mambo gani ambayo Bwana Msa, pamoja na ukali wote wa macho yake, hakuwahi kuyachunguza. Mkulima wa mikarafuu hupita nyuma ya hadithi zake. Ni nadra kusimama mbele.

Lawama hiyo ni ya haki na haifai kupunguzwa makali. Kosa la wahakiki lilikuwa katika hatua ya pili, walipotoka kwenye kitabu na kumhukumu msomaji. Kutokana na ukweli kwamba riwaya haikuzungumzia ukombozi, ilihitimishwa kwamba anayeisoma amelewa; neno kasumba lilikuwa tayari, nalo lilitumiwa. Hakuna aliyekwenda kumwuliza karani wa bandari, mwalimu wa shule ya msingi au mwanafunzi wa bweni alichokuwa akikitafuta. Nadharia zilizotawala zilimjua mwandishi na zilijua jamii, lakini msomaji zilimwona kama chombo cha kumiminiwa. Hata baadaye nadharia za upokezi zilipoanza kutajwa katika vyuo vya Afrika Mashariki, zilitumiwa zaidi kwa ushairi na kwa riwaya zilizoitwa za dhati. Riwaya ambayo jina lake linamtaja mpokeaji ndiyo iliyosahauliwa.

Jambo hili lina gharama, nayo inaongezeka kila mwaka. Aliyekuwa na miaka kumi na minane Mzimu wa Watu wa Kale ulipotoka sasa amepita themanini. Anachokikumbuka kuhusu jinsi alivyosoma, kwa sauti au kimya, peke yake au na wenzake, akimshuku nani na kwa nini, ni sehemu ya historia ya Kiswahili kilichoandikwa, nayo haimo katika kitabu chochote. Wanaisimu wamekusanya lahaja za vijiji kwa subira kubwa na kwa fedha nyingi. Usomaji nao una lahaja zake, na wazungumzaji wake wa mwanzo wanapungua.

Kutoka kwenye kiko hadi kwenye bastola

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na kwa kitabu hicho uhalifu wa Kiswahili ulivuka bahari kuja bara. Kila kitu kilibadilika kwa pamoja. Mahali sasa ni mji, mchunguzi ni afisa wa polisi, Inspekta Wingo, na chombo cha kutisha kimetoka katika mzimu kikaingia katika simu, ambayo kwa wengi katika wasomaji wa mwaka ule ilikuwa ngeni zaidi kuliko mzimu. Lugha nayo ni nyingine: sentensi zimefupika, methali zimepungua, na Kiswahili ni kile cha mtu aliyekijua shuleni na kazini, wala hakitamani kuwa Kiunguja. Kwa wasomaji wa bara waliokuwa wakisoma maneno ya Bwana Msa kwa kuyakisia, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa hadithi ya uhalifu kusema kama wao.

Elvis Musiba alikwenda mbali zaidi. Willy Gamba, aliyeanza katika Kufa na Kupona mwaka 1974, ni wakala wa siri, naye huwinda wezi wa siri za harakati za ukombozi wa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapigania uhuru walionekana katika mitaa ya mji ule. Kwa hiyo msomaji aliyekifungua kitabu cha Musiba alikutana na jambo lililokuwa likitendeka karibu naye kweli. Ni kinaya kwamba riwaya hizi, zilizokuwa na siasa ya kupinga ubaguzi wa rangi katika kila sura, ziliwekwa na wahakiki katika kapu lile lile la starehe tupu. Lakini lazima isemwe pia kwamba kazi ya msomaji ilikuwa imepunguzwa. Kwa Musiba hakuna haja ya kufumbua; adui anajulikana mapema, na kinachobaki ni taharuki ya kuona kama Willy atatoka salama. Vidole hufungua kurasa haraka zaidi na akili hupumzika. Msomaji wa Bwana Msa aliweza kurudi ukurasa wa ishirini kutazama alipodanganyika, ilhali msomaji wa Willy Gamba hakuwa na sababu ya kurudi.

Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, ndiye aliyemrudisha mpelelezi wa kujitegemea. Joram Kiango hatumikii serikali, anajichagulia kazi zake, naye ana mwenzi, Nuru, ambaye ushujaa wake unamzidi Najum kwa mbali. Vitabu vyake vilianza kusomwa katika miaka ya 1980, wakati karatasi ilikuwa adimu na bidhaa zilipatikana kwa kupanga foleni au kwa mlango wa nyuma. Mtu asiyefungwa na ofisi yoyote, anayeingia na kutoka apendapo, alikuwa na mvuto wa pekee kwa msomaji aliyeshinda siku nzima akisubiri kibali. East African Literature Bureau, iliyokuwa imewatoa Abdulla na Katalambulla, ilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na nafasi yake kwa upande wa Tanzania ilijazwa kwa sehemu kubwa na wachapishaji wadogo, baadhi yao wakiwa waandishi wenyewe. Mwandishi aliyejichapishia alimjua msomaji wake kwa njia ambayo hakuna mhariri wa ofisini aliyemjua: kitabu kisipopendwa, hakukuwa na fedha ya kuchapisha kinachofuata.

Wakati hayo yakiendelea bara, Abdulla alikuwa bado akiandika, na mfululizo wa anwani zake unaeleza jambo ambalo hakuna uchambuzi wa maudhui utakaoonyesha. Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi, majina ya kutisha yanaondoka. Mwaka 1973 inakuja Duniani Kuna Watu, mwaka 1974 Siri ya Sifuri, mwaka 1975 Mke Mmoja Waume Watatu, na mwaka 1976 Mwana wa Yungi Hulewa. Mwandishi hahitaji tena kumtishia msomaji kwa mizimu ili aufungue ukurasa wa kwanza. Watu wanatosha, ndoa inatosha, hata sifuri inatosha. Kisha mwaka 1984 kikatoka kitabu cha mwisho katika mfululizo huo, Kosa la Bwana Msa. Kwa mtu asiyewahi kusoma vile vingine, anwani hiyo haina maana yoyote: bwana fulani amekosea, kama mabwana wanavyokosea kila siku. Iliandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye, kwa miaka ishirini na minne, alikuwa ametoa mji kila mara katika sura ya mwisho, na ambaye sasa, akiliona jina lile juu ya jalada, angetaka kujua kwa haraka kama zamu hii ni yake kupewa mji.